Mpaka nilipowakataza kuonyesha

Muhula wa kwanza niliofundisha kuongoza onyesho fupi niliumaliza karibu wote kwa kuongea. Nilichora jukwaa ubaoni, nikaligawa vipande tisa, nikaeleza kulia kwa mwigizaji na kushoto kwake, nikaeleza lengo la mhusika. Wanafunzi waliandika kila neno. Siku ya kwanza ya mazoezi, yule aliyepewa kuongoza alimsogeza mwigizaji pembeni, akasimama mahali pake, akaigiza kipande chote yeye mwenyewe, machozi yakimlengalenga, kisha akasema, "Umeona? Fanya hivyo." Aliyefuata akafanya vilevile. Na wa tatu.

Sikuwalaumu. Wote walikuja darasani wakiwa waigizaji, na mwigizaji anachokijua ni kuigiza. Tena ugonjwa wenyewe umewatangulia. Kazi ya mwongozaji kama kazi inayojitegemea haina umri mkubwa. Kwa muda mrefu mwandishi au mwigizaji mkuu ndiye aliyewapanga wenzake. Kundi la mtawala wa Meiningen, Ujerumani, lililozunguka Ulaya kuanzia 1874 hadi 1890, ndilo linalotajwa sana kwa kuonyesha mtu mmoja anayetazama kutoka nje anaweza kuzaa nini. Stanislavski, mwigizaji na mwongozaji maarufu wa Urusi, alilitazama kundi hilo Moscow, akavutiwa na ukali wa Chronegk, msimamizi wa mazoezi ya kundi hilo, naye akaanza kuwaendesha waigizaji wake kwa amri. Baadaye alikiri kwamba alikosea. Ikiwa yeye ilimchukua miaka, mwanafunzi wa wiki tatu nimdai nini?

Muhula uliofuata niliacha hotuba. Niliandika mistari minane isiyo na hadithi:

"Umerudi."
"Nimerudi."
"Mapema."
"Kidogo."
"Ulimwona?"
"Nilimwona."
"Akasemaje?"
"Chukua."

Watu watatu kwa kundi: mmoja anaongoza, wawili wanaigiza, dakika 40 za mazoezi. Waamue wenyewe hawa ni akina nani, wako wapi, na kinachotolewa mwishoni ni kitu gani. Halafu nikaweka makatazo. Mwongozaji hapandi jukwaani. Hatamki mstari ili mwigizaji auige. Na hataji hisia: si huzuni, si hasira, si furaha.

"Mwalimu, sasa nitasema nini?" kijana mmoja aliuliza, na wala hakuwa anatania.

Kundi lake ndilo lililonifundisha mengi. Walikuwa wameamua kwamba mmoja katumwa kwa mama yao, ambaye hataki tena kuwaona, na anarudi na ufunguo wa nyumba. Kijana akasahau sharti mara moja: "Sema kwa huzuni zaidi." Binti anayeigiza akainamisha kichwa. "Zaidi." Akajikumbatia. "Zaidi kidogo." Akaanza kwikwi, darasa zima likaangua kicheko, naye mwenyewe akacheka.

Nikamuuliza kijana, "Anataka nini kwa ndugu yake?"

Kimya. Kisha, "Anataka kujua mama kasema nini."

"Una hakika?"

Akasoma tena ile karatasi. "Hapana. Hataki kuambiwa. Anauliza tu kwa sababu hana budi."

"Basi mpe kitu cha kumsaidia asiambiwe."

Alifikiri muda mrefu hadi nikaanza kuwa na wasiwasi. Kulikuwa na shati kwenye kiti. Akamwambia binti alikunje toka mstari wa kwanza, na asimtazame ndugu yake mpaka amalize mkono wa pili. Wakarudia. "Umerudi," binti akasema, macho kwenye kola. "Mapema," akalaza mkono wa kwanza, akaunyoosha kwa kiganja. Alipofika "Akasemaje?" mkono wa pili wa shati ulikuwa bado unaning'inia, na vidole vyake vikasimama hapo. Hakuna aliyecheka. Ufunguo ulipowekwa juu ya shati, alikunja ule mkono ukaufunika.

Hilo la mwisho hakuna aliyemwambia.

Tangu hapo neno letu la darasani likawa "nipe kitenzi". Mwigizaji akiuliza aseme vipi, mwongozaji anajibu kwa kitenzi kinachomgusa mwenzake: mbembeleze, mtishe, mpotezee muda, mchunguze. "Kuwa na huzuni" hakuchezeki. "Mzuie asiondoke" kunachezeka.

Kuhusu kupanga mahali pa kusimama, sikupata taabu sana. Makosa ni yaleyale kila mwaka: viti viwili vinavyotazamana kama usaili wa kazi, au watu wawili wamejipanga kama wanaopigwa picha. Dawa yangu ni utepe wa gundi sakafuni kuonyesha mlango na kuta, kisha namlazimisha mwongozaji kutazama kipande kimoja akiwa amekaa kiti cha mwisho kushoto, halafu kulia, halafu nyuma kabisa. Mmoja aligundua kwamba ufunguo aliohangaika nao wiki nzima ulikuwa unafichwa na mgongo wa mwigizaji kwa nusu ya watazamaji. Akasogeza meza, yakaisha.

Kilichonitoa jasho ni mimi mwenyewe. Nilikuwa nimewakataza kuonyesha, kumbe mimi naonyesha kutwa. Napita kwenye kundi, naona kiti kimekaa vibaya, nakihamisha. Nasikia mstari umelala, nautamka "kwa mfano tu". Siku moja binti mpole kuliko wote akaniambia kwa adabu, "Samahani mwalimu, hili onyesho ni langu au ni lako?" Nilicheka, lakini niliondoka na lile swali.

Sasa nakaa safu ya nyuma na daftari, na najiruhusu maswali tu. Hata siku ya kuonyesha kazi, mwongozaji haelezi alichokusudia mpaka watazamaji waseme walichokiona. Wakiona mke na mume mahali alipokusudia ndugu wawili, anajua pa kurudi bila mimi kufungua mdomo.

Binti yule mpole aliongoza tena mwishoni mwa muhula, kipande cha dakika nne, amekalia mikono yake ili isiwaelekeze waigizaji. Mmoja akamwuliza, "Hapa niseme kwa nguvu?" Akajibu, "Unataka akufanyie nini?" Mwigizaji akafikiri, akasema mstari kwa sauti ya chini ambayo hakuna kati yetu aliyeitarajia. Mimi huko nyuma nilikuwa nimeona kiti cha kushoto kinambana anapogeuka. Hatua mbili tu, kingepumua. Nikakiandika kwenye daftari, nikalifunga. Kilibaki palepale mpaka siku ya onyesho, na bado naona kingehamishwa.