Kalamu alikuwa nayo mkononi

Jioni hii, Mkunguni, Lamu. Mdogo wangu kaniletea mkataba wa tamthilia ya runinga. Miaka mitano!

Nikamsimulia ya mwigizaji Pierce Brosnan. Mwaka 1986 alishachaguliwa kuwa James Bond, yule jasusi wa filamu. NBC, kituo cha runinga cha Marekani, walishaifuta tamthilia yake, Remington Steele, lakini mkataba uliwapa siku 60 za kubadili nia.

Wakabadili, wakamrudisha kwenye tamthilia. Bond akawa Timothy Dalton. Brosnan alingoja hadi 1995.

Mdogo wangu kimya. Kidole chake kikaganda pale palipoandikwa "hataigiza kwingine bila idhini". Jasho likalowesha karatasi.

Bado hajatia sahihi. Mama asema riziki haikataliwi, nami namwelewa, nyumbani pesa yahitajika.

Jamani, mliowahi kufungwa na mikataba mirefu, mngemwambiaje?