Oili iliyokuwa ikiongezeka: siku moja gerejini kwangu Malindi

Saa 11:40 alfajiri

Baada ya swala sikurudi nyumbani. Nilipitiliza hadi gerejini, hapa Barani, kwa ajili ya gari moja, Probox nyeupe iliyolala ndani tangu jana jioni. Mwenyewe ni mwalimu aliyenifundisha hesabu darasa la sita. Nilimwomba aliache lilale kwangu, maana nilitaka kulikuta baridi kabisa, kabla mtu hajagusa ufunguo. Gari lenye tatizo la petroli husema mengi likiwa baridi.

Jana alipofika nilimwamkia, "Shikamoo mwalimu." Akaitika marahaba, kisha akanieleza: "Mwanangu, hii gari haili oili hata kidogo. Kila nikipima naona imezidi. Ila inanuka petroli." Kwanza alikuwa amefurahi kwamba oili haipungui. Nilipovuta dipstiki, kijiti cha kupimia oili, na kunusa, mimi sikufurahi. Oili haizai. Ikipanda, kuna kitu kimeingia, ama maji ama petroli. Maji huigeuza rangi ikawa kama chai ya maziwa. Petroli haibadilishi rangi sana, huifanya nyepesi tu, na hapo ndipo watu wengi hupitwa.

Kabla yangu alishapita gereji nyingine. Walimbadilishia oili mara mbili, harufu ikarudi mara zote mbili, kisha wakapima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda na kumwambia ringi za pistoni zimekwisha, injini ifunguliwe. Bei waliyomtajia ni karo ya mtoto ya muhula mzima. Usiku niliiwaza sana hiyo hesabu.

Saa 12:15 asubuhi

Oili ilikuwa juu ya alama ya mwisho kwa upana wa vidole viwili. Nikachukua karatasi nyeupe inayofyonza, nikadondosha tone moja, nikaiacha. Oili nzito hutulia katikati. Petroli haina subira, hutangulia mbio na kuchora duara jepesi pembeni. Duara lilikuwa pana. Kijana wangu wa kazi alikuwa ameshafika, nikampa naye anuse. Nikamkumbusha kwamba leo hakuna sigara wala jiko karibu na gari hili, na ndoo ya mchanga ikae hapa. Mvuke wa petroli uliojaa ndani ya injini hauhitaji moto mkubwa.

Nikaunganisha mashine ya kompyuta. Sensa ya joto la maji ilisoma digrii 27, sawasawa na hewa ya asubuhi ile. Nikaitilia alama ya sawa, kwa sababu sensa inayodanganya kwamba injini ni baridi wakati imeshachemka ni mshukiwa wa kwanza kabisa: kompyuta ya gari huamini na kumwaga petroli bila kupunguza.

Saa 12:40

Starta ilizunguka sana kabla injini haijashika, ikatoa moshi mweusi kidogo, halafu ikatulia. Tukaiacha iungurume huku tukinywa chai ya tangawizi na mahamri kwa mbaazi. Dakika 20 zikapita, joto likasimama kwenye digrii 61. Halikupanda tena.

Injini hii ni 1NZ-FE, na themostati yake, vali ya maji ya kupozea, huanza kufunguka kati ya digrii 80 na 84. Kabla ya hapo maji hayapaswi kwenda kwenye rejeta. Nikashika mipira ya rejeta, wa juu na wa chini, yote miwili ilikuwa imepata joto pamoja. Nilijua nitakachokikuta hata kabla ya kufungua.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kikombe cha themostati kilikuwa kitupu, gasketi peke yake. Kuna fundi aliitoa. Hapa Pwani jambo hili limeenea mno: mtu akiona jua la Malindi huona themostati ni mzigo, aitoe injini ipoe. Sikubaliani nalo hata kidogo. Hewa ya digrii 32 si kitu mbele ya injini inayotaka zaidi ya 80. Ukiitoa, injini huishi na baridi mwaka mzima, kompyuta huongeza petroli kama mtu anayewasha jiko bichi, na petroli isiyoungua huteleza kandokando ya pistoni hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Mwalimu anatoka Muyeye hadi shuleni Shela, safari isiyofika kilomita 4. Oili haipati hata nafasi ya kuchemka na kuutoa mvuke huo.

Saa 2:30

Kijana alitaka tufunge themostati mpya tumalize. Nikamwambia bado. Kilichonizuia ni kiasi. Injini baridi huchafua oili pole pole, lakini hii ilipanda vidole viwili kwa wiki sita. Tena mashine ilionyesha kompyuta inapunguza petroli kwa asilimia 18 na bado inalia kwa namba P0172, yaani mchanganyiko umezidi petroli. Maana yake kuna petroli inayoingia bila ruhusa ya kompyuta.

Nikatoa plagi. Ya kwanza, ya pili na ya nne zilikuwa na masizi makavu. Ya tatu ilikuwa imelowa.

Nikapima mgandamizo: 198, 200, 162, 196. Hapo nikawaelewa wale waliosema ringi. Ya tatu iko chini sana, na tofauti inayokubalika kati ya silinda na silinda ni kama paundi 14. Nikatia kijiko cha oili, ikapanda hadi 190. Vitabu husema ikipanda hivyo, ringi. Lakini petroli inayodondoka ndani ya silinda huosha utando wa oili ukutani, na ringi nzima kabisa zikasoma kama mbovu. Kipimo kile hakiwezi kutenganisha ringi zilizoliwa na ringi zilizooshwa. Kwanza uzibe uvujaji, ndipo upime tena.

Saa 3:45

Geji ya presha kwenye reli, bomba linalogawia silinda petroli: paundi 47 injini ikiunguruma, ndani ya kiwango cha 44 hadi 50. Nikazima na kutazama saa. Baada ya dakika tano inatakiwa isishuke chini ya 21. Ilikuwa 8. Hata hivyo presha inaweza kurudi nyuma kwenye tangi kupitia vali ya pampu, kwa hiyo geji peke yake haitoshi kuhukumu.

Tukalisukuma gari nje, mbali na mama wa chapati. Nikachomoa reli na nozeli zake zote nne, vile vipulizio vya petroli, nikazifunga kwa waya zisiruke, nikazichomoa umeme, kila moja ikaning'inia juu ya kikombe safi. Nikaiamrisha pampu kwa mashine. Nozeli tatu zilikaa kavu. Ile ya silinda ya tatu ikatunga tone, likakua, likaanguka. Halafu jingine. Tukasimama tukihesabu kimya. Gari likilala usiku, presha iliyobaki kwenye reli huishia ndani ya silinda ile, na likiunguruma ni kuvuja mfululizo. Ndiyo maana asubuhi lilikuwa gumu kuwaka.

Saa 4:20

Nikapiga simu Mombasa. Nozeli yenye namba ileile ilikuwepo, ikapakiwa kwenye matatu. Themostati niliipata hapa hapa mjini.

Hadi adhuhuri: tuktuk mbili, waya wa klachi na breki. Kisha swala, kisha wali wa nazi na samaki wa kupaka.

Saa 8:50 mchana

Mzigo ukafika. Tulifunga nozeli na mipira mipya ya kuzibia, themostati mahali pake, kipini chake kikielekea juu, maji tukatoa hewa. Oili tuliimwaga mwisho, baada ya kuziba chanzo. Injini hii hubeba lita 3.7 pamoja na filta. Sisi tulikinga lita 4.6. Ilitiririka kama maji ya mchele. Nilimshikisha kijana tone kati ya vidole, akasugua, hakuna utelezi. Beringi za krenki zilikuwa zikielea juu ya kitu hicho kila asubuhi. Dumu lake tukaliweka mbali, limeandikwa petroli, lisichanganywe na oili nyingine wala lisimwagwe chini.

Kuna sababu nyingine ya kubadilisha oili papo hapo. Ukiiacha, mvuke wake hurudi kwenye injini kupitia mpira wa kupumulia, kompyuta huendelea kusoma petroli nyingi, nawe utadhani hukutengeneza kitu.

Saa 10:15 alasiri

Nilikwenda nalo hadi ng'ambo ya daraja la Sabaki, karibu na Mambrui, nikarudi. Joto lilipanda hadi 86 likakaa. Kompyuta sasa ilikuwa ikipunguza asilimia 2 tu. Nikazima, nikasubiri dakika tano: 38.

Nikatoa plagi nikapima tena, nikianza na ya tatu, na kusema kweli moyo ulikuwa ukinidunda. Ilisoma 191. Zile nyingine hazikupita 200. Injini haikuhitaji kufunguliwa.

Saa 11:30 jioni

Mwalimu alikuja kwa miguu. Nilimwekea nozeli ya zamani mkononi, nikamweleza na habari ya themostati, naye akasikiliza kama alivyokuwa akitusikiliza sisi ubaoni, hakukatiza. Mwishoni akauliza, "Kwa hiyo ikizidi ndiyo mbaya?"

"Ndiyo mwalimu. Ikizidi, njoo siku hiyo hiyo."

Tukachora mstari kwa kalamu kwenye utepe mweupe chini ya boneti, kimo cha oili na tarehe, kilomita za leo pembeni. Nikamwomba apitie kila Ijumaa kwa mwezi mmoja. Kisha akavuta dipstiki mwenyewe, akaipangusa kwa leso, akairudisha, akaivuta tena, akainusa kwa muda mrefu.

"Inanuka oili," akasema, na akaenda zake Muyeye.