Nilivyoandaa safari ya wakwe zangu Wahispania hadi Mombasa, Tanga na Unguja

Mume wangu ni Mhispania wa Valencia, na watu wa kwao wamezoea kusafiri bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa kitambulisho chao cha taifa peke yake, kile wanachokiita DNI, huingia Ureno, Italia, Ugiriki na nchi nyingine zote za Umoja wa Ulaya, na hata Uswisi ambayo si mwanachama. Kwa hiyo tulipokubaliana kwamba familia nzima ije Mombasa kwa harusi ya mdogo wangu, kisha tuendelee hadi Tanga na Unguja, mavyaa wangu aliuliza kuhusu joto, wifi yangu akauliza kuhusu nguo za harusini, na hakuna aliyetaja viza. Mimi nimezaliwa Mombasa, na kila safari yangu ya kwenda Ulaya ilitanguliwa na taarifa za benki, barua ya mwajiri, bima na miadi ya ubalozini. Niliuliza mimi, na kazi yote ya makaratasi ikawa yangu.

Wifi alikuwa amesikia kwamba Kenya imefuta viza, na hakukosea. Tangu Januari 2024 Kenya haitoi viza kwa wageni, bali huwataka wawe na kibali cha kusafiri cha kielektroniki kinachojulikana kama eTA. Ila mtu anayetakiwa kuomba mapema, kupakia picha ya pasipoti, kueleza atafikia wapi, kulipa dola 30 za Marekani na kusubiri jibu kabla hajaruhusiwa kupanda ndege, mimi naona ameomba viza, hata jina likibadilishwa. Kibali hiki huombwa kwa kila msafiri, hata mtoto mchanga, na huwezi kumwombea mtu baada ya kutua. Ombi hutumwa kwenye tovuti ya serikali, etakenya.go.ke, katika miezi mitatu inayotangulia safari, na inashauriwa lisicheleweshwe hadi zikabaki pungufu ya siku tatu. Nataja anwani ya tovuti kwa makusudi, kwa kuwa mume wangu alipotafuta kwenye intaneti, ya kwanza kumjia ilikuwa ya mawakala waliojipamba kwa rangi za bendera, wakitoza ada maradufu kwa kujaza fomu ambayo mtu yeyote anaweza kuijaza mwenyewe.

Kabla ya fomu, hata hivyo, zilihitajika pasipoti, na hapo ndipo kazi ilipokuwa kubwa kuliko nilivyotarajia. Mavyaa ameshavuka miaka 70, na nchini Uhispania mwenye umri huo hupewa DNI isiyokwisha muda: kwenye kadi yake, mahali pa tarehe ya mwisho, pameandikwa 01 01 9999. Alinionyesha tarehe hiyo kwa fahari kama hoja ya kumaliza mjadala. Ilinibidi nimweleze taratibu kwamba Afrika Mashariki kadi ile haisomeki kama hati ya safari, kwamba Kenya na Tanzania zinataka pasipoti yenye uhai wa angalau miezi sita, na kwamba yake ya mwisho ilikwisha zamani za marehemu baba mkwe. Kwa bahati njema jambo hili kwao ni jepesi. Unachukua miadi ya kituo cha Polisi ya Taifa, unafika na picha moja na kadi yako, unalipa euro 30, unaweka vidole kwenye mashine, na pasipoti inachapishwa ukiwa umekaa hapo hapo. Nilimtazama yule afisa akimkabidhi kijitabu kipya chenye jalada jekundu la rangi ya zabibu, nikakumbuka wiki nilizowahi kusubiri changu.

Watoto walikuwa na hesabu nyingine. Mhispania aliyetimiza miaka 30 hupewa pasipoti ya miaka kumi, aliye chini ya hapo hupewa ya miaka mitano, na mtoto ambaye hajafikisha miaka mitano hupewa ya miaka miwili tu, kwa kuwa sura yake inabadilika upesi. Ukiondoa miezi sita inayodaiwa na nchi nyingi, pasipoti ya mtoto mdogo hutumika mwaka mmoja na nusu tu kwa safari za mbali. Ya kitinda mimba wetu ilikuwa imebakiwa na miezi michache, tukaibadilisha kabla ya kujaza chochote, maana kila kibali hufungwa kwenye namba ya pasipoti. Ni kweli kwamba katiba ya Kenya inawahesabu wanangu kuwa raia kwa kuzaliwa kwa sababu mama yao ni Mkenya. Ila hawakuwa na pasipoti za Kenya mkononi, na mbele ya mashine ya uwanja wa ndege mtu ni pasipoti aliyoishika, kwa hiyo nao tuliwaombea eTA kama Wahispania.

Fomu zenyewe si ngumu, lakini Mhispania ana mambo mawili yanayoweza kumkwamisha. La kwanza ni majina. Kila mmoja wao ana majina mawili ya ukoo, la kwanza la baba na la pili la mama, na mwanamke akiolewa habadilishi lake. Matokeo yake ni kwamba bibi, mwanawe na wajukuu zake hawana mpangilio mmoja wa majina, na afisa asiyejua desturi hiyo anaweza kudhani ni watu waliokutana njiani. Niliandika majina yote mawili ya ukoo kama yalivyo kwenye pasipoti, nikahakikisha tiketi za ndege nazo zinayabeba yote mawili, na kwa ajili ya watoto nikachukua ofisi ya usajili vyeti vya kuzaliwa vya lugha nyingi, ambavyo Uhispania huvitoa vikiwa na Kiingereza na Kifaransa ndani yake. Jina la mavyaa lina herufi ñ, ambayo fomu iliikataa. Dawa ilikuwa kutazama ile mistari miwili ya mashine iliyo chini ya ukurasa wa picha na kuandika N kama ilivyo pale.

La pili ni namba. Pasipoti ya Uhispania huonyesha namba ya pasipoti, yenye herufi tatu na tarakimu sita, na pia namba ya DNI, yenye tarakimu nane na herufi moja mwishoni. Mhispania huandika namba ya DNI kila mahali tangu utotoni, kuanzia benki hadi maktaba, kwa hiyo mkono wake huenda huko wenyewe. Niliwakataza wote wasijaze, nikajaza mimi, kisha kila mtu akasoma fomu yake kwa sauti huku mwingine ameshika pasipoti.

Kwa upande wa Tanzania hakukuwa na utata kama ni viza au kibali: Mhispania anahitaji viza, ya kawaida ni dola 50 kwa kuingia mara moja, kwa ukaaji usiozidi siku 90, na huombwa kwa njia ya mtandao kwenye visa.immigration.go.tz. Mimi mwenyewe kama raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki sikuhitaji, jambo ambalo mume wangu alilirudia mezani mara nyingi, kwa kuwa halikuwahi kutokea tangu tuoane kwamba pasipoti yangu ikashinda yake. Wifi alikuwa amesoma kuhusu viza ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki ya dola 100, akapendekeza tuichukue ili tumalize yote kwa mpigo. Hiyo inahusu Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo, kwa hiyo haikutufaa. Fomu ya Tanzania humtaka mwombaji ataje atakapoingilia, nami niliandika Horohoro, mpaka wa barabara ya kutoka Mombasa kwenda Tanga. Na kwa kuwa kibali cha kawaida cha Kenya nacho ni cha kuingia mara moja, nilipanga tiketi ya kurudi iwe ya kutoka Unguja moja kwa moja, ili pasiwe na haja ya kuingia Kenya tena.

Njia hiyo ya barabara ndiyo iliyoleta suala la homa ya manjano. Anayetoka Uhispania moja kwa moja hadi Unguja haombwi cheti cha chanjo, kwa sababu Uhispania haina ugonjwa huo. Anayetoka Kenya huombwa, hata kama pasipoti yake ni ya Ulaya, maana kinachoangaliwa ni ulikotoka. Chanjo hiyo nchini Uhispania hutolewa kwenye vituo vya chanjo za kimataifa vya serikali, kwa miadi, na cheti huanza kutambuliwa siku kumi baada ya sindano, kisha, tangu mwaka 2016, hudumu maisha. Sisi wenye umri wa kati na watoto tulichanjwa bila maneno. Daktari alipofika kwa mavyaa aliweka kalamu chini. Kwa mtu aliyepita miaka 60 anayechanjwa kwa mara ya kwanza, chanjo hii ina hatari kubwa zaidi ya madhara makali, na yeye ana maradhi ya moyo. Aliamua kutomchanja. Badala yake aliandika hati ya msamaha wa kitabibu kwa Kiingereza kwenye ile kadi ya manjano ya cheti cha chanjo, akaitia sahihi na mhuri wa kituo. Nilimwomba aongeze barua ya kichwa cha ofisi yenye maelezo hayo hayo, kwa kuwa ninajua mpakani karatasi mbili husikilizwa kuliko moja.

Unguja ina sharti lake la ziada. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar hutakiwa kununua bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, hata akiwa na bima ya kwao. Mume wangu alinung'unika, kwani tayari alikuwa amelipia bima nzuri Valencia. Tukalipa, tukachapisha.

Tulipitia Istanbul, na kusubiri kulikuwa kurefu. Uturuki iliwaondolea Wahispania viza mwezi Machi 2020, hivyo wakwe zangu walitoka, wakaenda kula samaki mjini, nami mwenye pasipoti ya Kenya nikabaki ndani ya uwanja nikilinda mizigo ya mkononi.

Mombasa eTA zilisomwa kwenye mashine na hakukuwa na mazungumzo. Baada ya harusi tulivuka Likoni, tukashika barabara ya Ukunda na Msambweni hadi Lunga Lunga. Huko kituo cha mpakani ni cha pamoja: anayetoka Kenya humalizia yote kwenye jengo la upande wa Horohoro, dirisha la kutokea na la kuingilia yakiwa jirani. Meza ya kwanza ni ya afya. Kijana aliyekuwa pale alizipanga kadi zetu za manjano kama karata, akazipitia moja moja, akasimama kwenye ya mavyaa.

"Dada, huyu bibi hajachanjwa."

"Hajachanjwa, kaka. Daktari wa kituo cha serikali amemzuia kwa ajili ya umri na moyo. Hati iko ukurasa huo huo, na barua yake hii hapa."

Alisoma kadi, akasoma barua, akalinganisha mihuri miwili, akaenda nazo kwa mkubwa wake. Mavyaa, asiyeelewa neno, alikaa kwenye benchi akijipepea na pasipoti yake mpya. Kijana aliporudi alimsalimia shikamoo, akanirudishia karatasi na kutuelekeza dirisha la uhamiaji. Pale waliziona viza kwenye kompyuta, wakachukua alama za vidole za watu wazima, wakagonga mihuri. Afisa aliuliza swali moja tu, kwamba watoto hawa ni wa nani, na vyeti vya lugha nyingi vikajibu.

Jambo la mwisho lilizuka tukiwa Unguja. Wifi alianza kupanga likizo yake ya New York, akisema Marekani Mhispania haombi viza. Kwa kawaida ni hivyo: huomba idhini ya ESTA, ambayo ada yake ilipanda kutoka dola 21 hadi 40 mwishoni mwa Septemba 2025, na huruhusiwa kukaa siku 90. Lakini yeye aliwahi kwenda Havana mwaka 2023, na Marekani haimpi ESTA mtu aliyefika Cuba tangu tarehe 12 Januari 2021, hata kama alikwenda kuota jua tu. Wahispania wengi hupenda Cuba na wengi hawalijui hili. Atalazimika kuomba viza ya kawaida, kujaza fomu ndefu na kwenda kuhojiwa ubalozini Madrid. Hakuniamini hadi nilipomfungulia ukurasa wa ubalozi kwenye simu. Sasa anakusanya taarifa zake za benki, na amenikabidhi mimi nizikague.

Nyumbani kwetu kinachofuata ni Uingereza, kwa shangazi yangu aliyeko Leicester. Tangu tarehe 2 Aprili 2025 Mhispania naye anatakiwa kuwa na kibali cha ETA kuingia huko, na DNI haikubaliki kwa msafiri wa kawaida tangu Oktoba 2021. Kibali hicho hudumu miaka miwili au hadi pasipoti inapokwisha, chochote kitakachotangulia. Kitinda mimba ametimiza miaka mitano, hivyo pasipoti yake ijayo itakuwa ya miaka mitano. Nimewaambia tusimwombee ETA kwa hii ya sasa, tuchukue kwanza miadi ya polisi.