Ilala ipi, dada?

Leo siku ya nne na lile neno bado liko masikioni. Watoto wamelala, baba watoto yuko zamu ya usiku, nimekaa kibarazani nikaona niandike labda litanitoka.

Jumatano niliingia Kariakoo kumtafutia mama mkwe doti, si mnajua anakuja mwisho wa mwezi. Nikashuka mwendokasi Msimbazi, nikapenya mtaa wa Kongo kwa shida maana wauza nguo za watoto wamepanga mpaka katikati ya barabara na wabeba mizigo wanapita wanapiga miluzi, nikatokea Uhuru kwenye maduka ya kanga. Pale mlangoni kuna moja ilinivuta hapo hapo. Nyekundu iliyoiva, pindo jeusi, mji umejaa korosho. Nikaishika.

"Kaka, hii doti bei gani?"

"Karibu sana dada. Umetokea mkoa gani?"

"Mkoa? Mi wa hapa hapa, nimezaliwa Ilala."

"Ilala ipi, dada?"

"Bungoni."

Akaichukua taratibu mkononi mwangu, akaanza kuikunja. Akasema, "Basi umekaa nje siku nyingi. Mgeni anaangalia rangi. Mwenyeji anasoma jina kwanza."

Hakusema kwa ubaya, na hicho ndo kinachoniuma, angesema kwa ubaya ningemjibu. Alisema kwa upole kabisa kama mtu anayekuonyesha njia. Nikaondoka bila kanga, bila hata kusema ahsante.

Maana ni kweli. Sikusoma. Na mimi ndo nilijulia herufi kwenye kanga za bibi, kabla ya kuanza shule, zikiwa zimeanikwa uani Bungoni ananiambia haya soma hiyo, na nikikosea tunaanza upya mpaka zikauke. Bibi ndo alikuwa akinishika mkono tukienda sokoni Kariakoo, tunateremka mpaka kule chini kwenye magunia, harufu ya dagaa na vitunguu, anasalimiana na kila mtu. Lile soko lilifunguliwa 1975 na yeye alikuwa akilisimulia kama vile alisimama kwenye zege mwenyewe, jinsi mapaa yake yalivyokaa kama miamvuli. Lilipoungua Julai 2021 nilikuwa Mwanza, nimeshika simu naangalia moshi nalia kama nimefiwa. Sasa mtu anayelilia soko anaulizwa katokea mkoa gani? Miaka sita tu nimekaa kule jamani. "Ilala ipi, dada?" Nilikuwa nalirudia kwenye daladala, nalirudia nakuna nazi.

Alhamisi nimesaini mkataba mpya kazini na mdogo wangu kajifungua salama mtoto wa kike, Mungu ni mwema, jioni nikawapeleka watoto Mlimani City tukala ice cream. Pale ni pazuri, pana hewa baridi, sakafu inang'aa, bei imeandikwa huna haja ya kuuliza mtu, na watoto wanapapenda kuliko sehemu yoyote. Ila nilizunguka saa nzima na hakuna aliyeniita dada. Nikajikuta namkumbuka yule kaka wa kanga, namkumbuka kwa hasira lakini namkumbuka.

Ijumaa mchana nikatoka ofisini Posta kwenda kula, nikapita Samora kama kawaida. Pale kwenye Sanamu ya Askari nikasimama. Hiyo sanamu nimeipita tangu niko mdogo, kazi yake kwangu ilikuwa kuelekezea watu tu, ukifika kwenye sanamu kata kushoto. Askari kainama na bunduki, singe imeelekea bandarini. Nikajiambia haya, soma jina. Nikasubiri bajaji zipungue nikavuka, nikainama nikasoma. Iliwekwa 1927, ukumbusho wa askari wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, hilo nilikuwa nalijua juu juu. Nisichokijua ni kwamba na wapagazi wametajwa pale, kwamba ndo walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Wapagazi! Hao hao wa Carrier Corps, ambao kambi yao ndo imetuachia jina la Kariakoo. Wale waliobeba mizigo ya vita vya wazungu mpaka wengi wakafia njiani, jina lao ndo tunalitamka kila siku tukienda kununua nyanya, na pale mtaa wa Kongo mpaka leo watu wanapita na mizigo kichwani wanapiga miluzi. Nilisimama juani pale nikasahau njaa.

Sikula. Nikaenda kwa mguu mpaka Mnazi Mmoja, nikakaa kidogo kivulini karibu na mnara wa Mwenge. Bibi alikuwa akisema enzi za mkoloni uwanja huu uliachwa wazi makusudi, huku Uhindini na Uzunguni, kule Waafrika. Sa hivi kulikuwa na wanafunzi wanagawana mihogo ya kukaanga na mzee kalala kajifunika gazeti usoni. Nafsi ikatulia. Nikanyanyuka nikaifuata Uhuru mpaka kwenye lile duka.

Yule kaka hayupo. Yupo kijana mwingine, anasema kaka kaenda Tanga msibani. Ile nyekundu bado inaning'inia. Nikaivuta, nikatafuta jina.

HASIDI HANA SABABU.

Jamani. Ningempa mama mkwe hiyo! Siku ya kwanza nyumbani kwangu, mbele ya mawifi, anaikunjua anasoma. Nilikaa kwenye lile benchi la duka mikono imelegea. Nikasoma kanga kama ishirini, moja moja, kijana ananingoja wala hakunung'unika, nikachukua ya kijani, Hakuna Kama Mama. Nataka kurudi wiki ijayo nimkute mwenyewe nimpe pole ya msiba na ile ahsante ya Jumatano.

Kama nitapata nafasi, maana fundi aliyechukua hela ya bati Jumanne hapokei simu toka jana, na mawingu yamejaa upande wa Pugu.