Nasomea kazi niliyo nayo

Mamangu huko Likoni, Mombasa, majirani wakimuuliza binti yake anasomea nini Marekani, hujibu, "Anasomea kazi aliyo nayo." Amesema kweli. Nimewatunza watu wazima wenye ulemavu wa akili hapa Lowell, Massachusetts, tangu wanangu wangali wa kubebwa, na vyeti nilivyokuwa navyo ni cha kutoa dawa na cha huduma ya kwanza, basi. Wakenya wa mji huu wanaijua kazi hii. Familia nyingi zina mtu anayekesha katika nyumba kama yetu: nyumba ya kawaida katika mtaa wa kawaida, ina jiko na sebule na vyumba vichache vya kulala, na wanaoishi humo wanahitaji mtu wa kuwaogesha, kuwapikia, kuwapeleka kwa daktari na kukaa nao.

Sasa nasoma shahada ya huduma za kijamii, yote kwa njia ya mtandao, nami nimevuka miaka arubaini na mitano. Akina dada wa hapa na wa nyumbani wananiandikia wakitaka kujua kama inafaa, kama inawezekana na zamu za usiku, na pesa zinatoka wapi.

Nianze na pesa, maana ndizo zinazowazuia wengi. Mwaka 2023 jimbo la Massachusetts lilianzisha mpango uitwao MassReconnect: mkazi mwenye miaka 25 na zaidi ambaye hana shahada anasoma bure, karo na vitabu, katika vyuo vya jamii, yaani vyuo vya umma vya miaka miwili. Mwaka 2024 wakaongeza mpango mwingine, MassEducate, hata walio chini ya umri huo wakaingia. Masharti si magumu. Uwe umeishi jimboni angalau mwaka mmoja, uchukue krediti (vipimo vya masomo) zisizopungua sita kwa muhula, na ujaze kila mwaka FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa pesa za masomo. Mwenye kadi ya kijani, kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu, anaruhusiwa. Mimi nilitoa cheti changu cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, kwenye bahasha ambayo mamangu aliituma na mgeni aliyekuwa anasafiri, kikatathminiwa, kikakubaliwa. Nikamaliza krediti 60 za shahada ya asoshieti, ile ya miaka miwili, nikahamia chuo kikuu cha jimbo kwa zile 60 zilizobaki, na krediti zangu zikanifuata. Huko sasa nalipa kiasi, na kingine kinalipwa na Pell Grant, msaada wa serikali ya shirikisho ambao haurudishwi.

Kuhusu muda: wiki ya masomo inafunguka Jumatatu. Kuna sura za kusoma, mhadhara wa video, na swali la majadiliano ambalo unalijibu kufikia Alhamisi, kisha unawajibu wenzako wawili kabla ya Jumapili kufika usiku wa manane. Mwajiri wangu anaruhusu kusoma usiku mradi kazi zimekwisha: nguo zimefuliwa na kukunjwa, jiko limesafishwa, watu wamekaguliwa vyumbani kila wakati uliopangwa. Kati ya saa saba na saa kumi usiku ndipo nyumba inapotulia. Kazi zangu nyingi za darasani nimeziandikia hapo, kwenye meza ya jikoni. Mume wangu anafanya zamu ya mchana, kwa hiyo chakula cha watoto ni chake siku za wiki, na nasema wazi kwamba bila yeye nisingefika muhula wa pili. Dada anayenisoma na ana mwenzake, mkae chini mgawane kazi za nyumbani kabla hujajisajili.

Nilichotaka hasa kuandika ni hiki kinachofuata.

Katika nyumba yetu kuna mzee mmoja. Kanuni za faragha hazinipi ruhusa ya kumtaja, na nimebadilisha mambo madogo madogo ili asitambulike. Amepita miaka sabini na haongei sana. Chakula kikiwekwa mezani, huuzungusha mkono wake wa kushoto kwenye sahani, akainama hadi pua inakaribia kugusa chakula, akala mbio bila kutafuna sawasawa. Ameshawahi kupaliwa, tena vibaya. Faili lake lilikuwa na agizo la mstari mmoja: anakula haraka mno, aelekezwe kupunguza mwendo. Basi kila mfanyakazi akawa anamwambia pole pole, pole pole, na wapo waliokuwa wakiivuta sahani kando ili apumzike kidogo kabla ya kuendelea. Sahani ikivutwa alikuwa anapiga kelele. Kelele nazo zikaandikwa kwenye faili, safari hii chini ya kichwa cha tabia za ukorofi.

Nikiwa bado chuo cha jamii tulisoma historia ya huduma hizi, na nyingi zilianzia hapa hapa Massachusetts. Mwaka 1848 daktari Samuel Gridley Howe alianzisha Boston shule ya kwanza ya umma Marekani kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Baadaye shule hiyo ilihamia Waltham, ikaja kuitwa Fernald. Nia ya Howe ilikuwa watoto wafundishwe kisha warudi kwao. Kufikia karne ya 20 mambo yalikuwa yamegeuka. Waliingizwa wengi na wakabaki humo, wakiwemo watoto ambao hawakuwa na ulemavu wowote, ila umaskini na kukosa mtu wa kuwalea. Katika miaka ya 1940 na 1950 watafiti wa chuo kikuu cha MIT waliwalisha wavulana wa Fernald uji wenye chembe za mionzi, kwa ufadhili ambao sehemu yake ilitoka Quaker Oats, kampuni ya kutengeneza uji. Wavulana waliambiwa wamejiunga na klabu ya sayansi. Wazazi hawakuelezwa habari ya mionzi. Kesi iliyofunguliwa baada ya siri kufichuka iliisha mwaka 1998 kwa makubaliano ya fidia ya dola milioni 1.85. Habari hii niliisoma saa tisa usiku, nikairudia, maana sikuamini macho yangu.

Kisha tukasoma kesi ya Belchertown, taasisi nyingine ya jimbo hili hili. Mwaka 1972 mzazi mmoja, Benjamin Ricci, ambaye mwanawe aliishi humo, aliongoza wazazi wenzake kuishtaki serikali ya jimbo kwa hali mbaya ya mle ndani. Jaji Joseph Tauro hakutosheka na karatasi. Alikwenda kujionea mwenyewe. Kesi hiyo na nyingine za taasisi dada zililibana jimbo kwa miaka mingi, likalazimika kuajiri watu wa kutosha na kufungua nyumba ndogo ndogo mitaani. Belchertown ilifungwa mwaka 1992. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya wanawake wawili wa Georgia, Lois Curtis na Elaine Wilson, iliamua kwamba kumfungia mtu mwenye ulemavu katika taasisi bila sababu, hali anaweza kuishi miongoni mwa watu, ni ubaguzi. Kwa hiyo nyumba hizi ambazo sisi Wakenya tunakesha humo, tukalipa kodi na karo za watoto kwa mshahara wake, zipo kwa sababu wazazi walikwenda mahakamani. Kazini hakuna aliyewahi kutuambia. Tulifundishwa kunyanyua mtu bila kuumiza mgongo, kuhesabu vidonge, kuzima moto. Naona ni dhuluma kwa mfanyakazi kumpa kazi nzito kama hii bila kumwambia ilitoka wapi.

Katika simulizi za watu waliokulia taasisi zile, chakula kinarudi tena na tena. Ukumbi mkubwa, watu wengi, wafanyakazi wachache wanaoharakisha wamalize, na mwenye nguvu anachukua cha mwenzake. Asiyemaliza upesi analala na njaa.

Ukurasa wa kwanza wa faili la mzee wetu unasema aliingizwa taasisi akiwa na miaka sita, akatoka akiwa mtu mzima. Taasisi gani, sitasema.

Kila mwaka kunafanyika mkutano wa mpango wa huduma zake. Anakuwepo mratibu, muuguzi, msimamizi wa nyumba, jamaa kama yupo, na yeye mwenyewe anakaa nao. Mimi huwa nimetoka zamu ya usiku na ruhusa ya kwenda kulala ninayo. Mwaka ule nilibaki. Nikaomba nafasi nikasema kwamba huyu mzee hana tabia mbaya mezani. Alijifunza kula mahali ambapo asiyejilinda hakuli, na kila tunapoivuta sahani yake tunamthibitishia kwamba bado yuko kule. Niliyasema kwa lugha niliyokuwa nimeifunza darasani, ya kiwewe na dalili zake, na kwa mara ya kwanza mratibu aliandika maneno yangu yote. Muuguzi akaomba mtaalamu wa kumeza aje amtazame.

Mabadiliko yenyewe ni madogo. Yeye anapakuliwa wa kwanza. Anakaa upande wa ukutani ili asiwe na mtu nyuma yake. Nyama inakatwa vipande vidogo jikoni, kama mtaalamu alivyoagiza. Bakuli la chakula kilichobaki linawekwa mezani, mbele ya macho yake, na hakuna mkono wa mtu unaogusa sahani yake mpaka anyanyuke. Mkono wa kushoto bado anauzungusha siku nyingi. Lakini kelele zimekwisha, na asubuhi moja nilimwona anakula nusu ya mkate wake, anaiacha nusu, anaondoka kwenda kutazama televisheni. Nusu mkate! Nilimwandikia mhadhiri wangu kabla sijafika nyumbani.

Kwa insha ya mwisho ya somo lile la historia nilikwenda Waltham kuona makaburi ya MetFern, walikozikwa watu wa Fernald na wa hospitali ya akili iliyokuwa jirani. Yako ndani ya msitu, ukishaacha barabara unatembea kwa miguu. Mawe yake ni madogo, ya saruji, yanafika chini ya goti. Kila jiwe lina herufi moja, C kwa Mkatoliki au P kwa Mprotestanti, na namba. Jina hakuna. Walizikwa hivyo kuanzia 1947 hadi 1979, watu karibu mia tatu. Kwetu hata mtu aliyekutwa amekufa ufukweni, hajulikani kwao, watu wanamsimamia na kumwombea. Hawa walikuwa na majina, yaliandikwa kwenye madaftari ya ofisi, na hakuna aliyeona haja ya kuyahamishia kwenye jiwe. Wanafunzi wa sekondari wa pale Waltham wamefanya kazi ya kuyatafuta na kuandika maisha ya waliozikwa. Ningependa wanangu wapewe kazi ya shule kama hiyo.

Muhula huu niko kwenye mafunzo ya vitendo, katika shirika linalowasaidia wakimbizi, na wengi wanaonijia ni akina mama kutoka Kongo. Kiswahili chao na changu vinatofautiana, lakini tunaelewana vizuri. Huko nilikutana na jambo ambalo darasani tulilibishania wiki nzima, mipaka kati ya mhudumu na anayehudumiwa. Wenzangu wengi waliandika kwamba usipokee chochote kwa mteja. Basi nikaenda nyumbani kwa mama mmoja kumsaidia kusoma barua ya shule ya mwanawe, na kabla sijakaa akaleta chai ya maziwa na maandazi. Mama huyu alikuwa kambini miaka mingi, akipanga foleni kupewa. Leo yuko kwake na ana mgeni. Nilikunywa, nikamshukuru, nikaandika kwenye ripoti kwamba nimekunywa chai. Msimamizi wangu, Mmarekani mtu mzima, aliisoma akaniambia vema umeandika, endelea kuandika, na zawadi ya thamani ikija tuzungumze kwanza. Nadhani ndivyo inavyopasa. Kanuni imewekwa ili mnyonge asinyonywe, na kumkatalia mtu heshima ya kukaribisha mgeni nyumbani kwake hakumlindi na lolote.

Barua yenyewe ilihusu tathmini ya mtoto, kama anahitaji elimu maalumu. Mama aliogopa kusaini kwa sababu alifikiri mwanawe atachukuliwa apelekwe mahali. Nilimweleza kwamba sheria ya nchi, tangu 1975, inampa mtoto haki ya kusoma shule ya umma bila malipo, kadiri inavyowezekana pamoja na wenzake, naye mama ana haki ya kukaa kwenye kila mkutano na kupewa mkalimani. Hakusaini siku hiyo. Alisaini wiki iliyofuata, baada ya kuuliza maswali yake yote, mengine mara mbili.

Muhula ujao nina takwimu, na baada ya hapo kuandika maombi ya ufadhili. Nikimaliza nataka kazi ya uratibu, ile ya mtu anayeiongoza mikutano ya mpango na kulishika faili. Dada mnaotaka kuanza, fomu ya FAFSA ya mwaka ujao kwa kawaida hufunguliwa Oktoba, nayo inataka taarifa za kodi, kwa hiyo zitafuteni mapema. Mwenye kukwama kwenye fomu aniandikie, nitamjibu nikitoka zamu.