Umbo la mshumaa ni swali langu la mwisho

Nafanya biashara ya fedha za kigeni kwa kusoma chati za bei, ambako kila mshumaa ni bei ya kipindi kimoja, kama siku au wiki: kiwiliwili ni kutoka ufunguzi hadi ufungaji, utambi ni pale bei ilipofika nje ya hapo. Watu hunitumia picha za chati wakiuliza, "Hiki ni kimondo?", yaani mshumaa unaoashiria bei kugeuka na kushuka. Mara nyingi picha imekuzwa mpaka mishumaa mitatu imejaza skrini nzima. Hapo sina jibu. Utambi mrefu wa juu nauona, kiwiliwili kidogo chini nakiona, ila bei imetokea wapi sijui. Mshumaa wa kugeuza soko sharti ukute kitu cha kugeuza. Umbo hilohilo likijitokeza pale bei inapozungukazunguka bila mwelekeo, ni mchoro tu.

Kwa hiyo naanza na chati ya wiki. Nachora mstari mmoja au miwili pale bei ilipowahi kukwama, kisha nashuka kwenye chati ya siku. Bei ikiwa haijaufikia mstari, nafunga kompyuta na kuendelea na shughuli zangu. Chati za dakika tano sizigusi kabisa. Humo kila baada ya muda mfupi kuna "kimondo", na vingi havina maana.

Kati ya maumbo yote ya kushuka, ninalolipenda ni mmezo: kiwiliwili chekundu cha leo (bei imefunga chini ya ilipofungulia) kinachofunika chote cha kijani cha jana (bei ilifunga juu). Fikiria kilichotokea ndani yake. Leo bei imefunga chini ya pale jana ilipofungulia, maana yake karibu kila aliyenunua jana ndani ya kiwiliwili kile sasa yumo kwenye hasara. Ili watoke, hawana budi kuuza. Mimi nikiuza, nikitarajia bei ishuke, nauza pamoja nao.

Tena ukiunganisha mishumaa hiyo miwili kuwa mmoja, unapata ufunguzi wa jana, kilele cha siku zote mbili, na ufungaji ulio chini kidogo ya ufunguzi. Ni kimondo hichohicho. Nyota ya jioni (mshumaa mkubwa wa kijani, mdogo juu yake, kisha mwekundu unaoshuka) nayo ni habari ileile, ila imesimuliwa kwa siku tatu. Ndiyo maana orodha ndefu za majina hazinisumbui tena.

Kunguru watatu weusi, yaani mishumaa mitatu mikubwa myekundu mfululizo, mimi huwaacha wapite. Kunguru wa tatu anapofunga, bei imeshakwenda mbali na kilele, na kikomo cha hasara, yaani bei ya kujitoa soko likinigeuka, kinakuwa mbali mno. Mtu aliyenyongwa, mshumaa wa kileleni wenye kiwiliwili kidogo juu na utambi mrefu chini, simwamini kabisa mpaka siku inayofuata ifunge chini ya kiwiliwili chake, kwa sababu ule utambi mrefu wa chini unasema wanunuzi walirudi kwa nguvu. Wingu jeusi, mshumaa mwekundu baada ya wa kijani, lina kasoro ya aina nyingine: sharti lake la asili ni bei ifunguke juu ya kilele cha jana, halafu ifunge chini ya nusu ya kiwiliwili cha jana. Sharti hilo linafaa kwenye masoko yanayofungwa usiku, kama ya hisa. Soko la fedha za kigeni halilali kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, hivyo pengo la namna hiyo hulioni mara kwa mara isipokuwa baada ya wikiendi. Mimi nimebaki na sharti la nusu tu.

Sasa jambo ambalo wanaofundisha maumbo haya hulipita haraka: mshumaa wa siku unategemea saa ya broka wako, yaani kampuni inayokuunganisha na soko. Siku ya soko la fedha huhesabiwa imekwisha saa kumi na moja jioni ya New York. Broka ambaye seva yake inafuata saa nyingine anaweza kukuonyesha mshumaa mdogo wa Jumapili wenye saa chache tu. Jumatatu ikiwa nyekundu, inaumeza bila jasho, na wewe unashangilia mmezo ambao kwenye chati ya mwenzako haupo. Ukihesabu mishumaa sita kwa wiki badala ya mitano, anza kwa kurekebisha hilo.

Saa hiyohiyo ya kufunga ndiyo saa mbaya zaidi ya kuingia. Wafanyabiashara wa New York wanaondoka, oda (maagizo ya kununua na kuuza) zinapungua, na spredi, yaani pengo kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia, inapanuka. Muuzaji ndiye anayeumia kwa namna asiyoiona: MetaTrader 4, programu ya kufanyia biashara hii, huchora chati kwa bei unayouzia, lakini biashara ya kuuza hufungwa kwa kununua tena, yaani kwa bei unayonunulia, ambayo iko juu zaidi. Kikomo chako kinaweza kuguswa wakati mshumaa kwenye chati haujakifikia. Wengi hapo humlaani broka. Mimi huongeza spredi juu ya ncha ya utambi, na husubiri saa moja au mbili baada ya siku kufunga ndipo niweke oda.

Tuchukue mfano wa kubuni kwenye EUR/USD, yaani bei ya euro moja kwa dola, mstari wa wiki ukiwa 1.1000. Kimondo kimefungulia 1.0965, kikapanda hadi 1.1030, kikashuka hadi 1.0950 na kufunga 1.0955. Kiwiliwili pipsi 10 (pipsi moja ni 0.0001), utambi wa juu 65. Safi. Ukiuza chini yake, 1.0948, na kikomo 1.1034, unahatarisha pipsi 86. Iwapo egemeo linalofuata, yaani bei ambapo wanunuzi huzuia kushuka, liko 1.0860, unatafuta pipsi 88. Biashara hiyo siichukui, hata umbo lingekuwa zuri kiasi gani.

Badala yake naweka oda ya kuuza katikati ya mshumaa, 1.0990, nikingojea bei irudi juu kidogo. Kikomo ni kilekile, lakini sasa nahatarisha pipsi 44 kutafuta 130. Kwa akaunti ya dola 500 na hatari ya asilimia 1, yaani dola 5, loti 0.01 (loti ni kipimo cha ukubwa wa biashara) inatosha: kila pipsi ni senti 10, hasara ni dola 4.40. Kwa kuingia kule chini, loti hiyohiyo ingenigharimu dola 8.60. Bila shaka kuna nyakati bei hairudi, inashuka moja kwa moja bila mimi. Naiacha iende, kuikimbilia kunanirudisha kwenye zile pipsi 86.

Nikishaingia, kikomo hakisogezwi juu hata kidogo. Siku yoyote ikifunga juu ya mstari wa 1.1000, natoka hata kama kikomo hakijaguswa, kwa sababu niliuza kwa imani kwamba wauzaji wanaulinda mstari ule. Na iwapo siku ya mmezo au kimondo inafuatwa na ripoti ya ajira ya Marekani, siweki oda mpaka ripoti itoke na mshumaa wa siku hiyo nao ufunge.