Kocha wangu ni yule mwalimu wa jiografia

Jana maskani ubishi wa nani kocha bora kuliko wote ulianza kahawa haijapoa. Mmoja kamshikilia Ferguson: miaka 26 Manchester United, mataji 13 ya ligi. Shemeji yangu, mtu wa kikapu, akaja na Phil Jackson na ubingwa wake wa NBA mara 11. Sawa, lakini Jackson alimkuta Jordan keshaiva.

Mimi nikamtaja Bruda Colm O'Connell, mtawa wa Kikatoliki. Alitoka Ayalandi mwaka 1976 kuja kufundisha jiografia shule ya St. Patrick's, pale Iten, Kenya. Ukocha wa riadha hakuwa nao hata chembe. Alijifunza kwa kuwatazama vijana wakikimbia. Mikononi mwake akapita David Rudisha. Olimpiki ya London 2012, mita 800, Rudisha aliongoza mwanzo mwisho, hakuna wa kumvutia kasi, akamaliza kwa 1:40.91. Mpaka leo nikiikumbuka ile kona ya mwisho mwili unanisisimka.

Mzee mmoja akaweka kikombe chini, kashata bado mkononi. "Kwani huyo Bruda mwenyewe alikimbia wapi?"

Hakukimbia popote, mzee wangu. Ndiyo maana namweka juu ya wote.